Kilemba cha Ukoka katika Uhakiki Wetu

Mtu anaposifiwa kwa jambo asilokuwa nalo, Waswahili husema amevikwa kilemba cha ukoka. Ndugu wasomaji, walimu na wanafunzi wa lugha hii, bila shaka mmekwisha kuusikia msemo huu mara nyingi, na pengine mmewaeleza wengine maana yake kwa maneno matatu, "kusifu kwa uongo", kisha mkapita kwenye msemo unaofuata. Sisi nasi tumefanya hivyo kwa miaka mingi. Lakini msemo huu una mengi ndani yake. Kilemba si kitambaa cha kichwani tu. Ni jina pia la ada apewayo fundi kazi yake inapokwisha. Ukoka nao ni majani yatambaayo chini, malisho ya ng'ombe. Kwa hiyo amvikaye mwenzake kilemba cha ukoka humlipa kwa kazi isiyokwisha, tena humlipa kwa malisho. Na aliyevikwa hawezi kuutambua upuuzi ule, kwa sababu kilemba kiko juu ya kichwa chake mwenyewe. Wote wanaomtazama wanaona majani. Yeye peke yake ndiye asiyeyaona.

Tumeufikiria msemo huu upya kwa sababu ya jambo moja lililotupata, ambalo tutalieleza kabla ya kuweka kalamu chini. Kwanza yafaa tuitazame tabia yenyewe ya sifa za uongo, maana tunaamini kwamba sisi tuhakikio vitabu na kusahihisha insha hatuijui kama tunavyodhani.

Lugha yetu imelichungua jambo hili kwa namna nyingi. Yasemwa kwamba fulani amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Anayepakwa husikia chupa ikipita mwilini, husikia na ubaridi wake, lakini mafuta yamebaki ndani. Tena iko methali ya mgema ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Walimu huifundisha kama onyo kwa mgema, asije akavimba kichwa. Lakini tukiitazama vizuri, methali haisemi popote kwamba sifa zile zilikuwa za uongo. Huenda siku ile tembo lilikuwa zuri kweli. Kosa la wanywaji ni kwamba waliendelea kusifu baada ya kuacha kuonja. Iko na methali nyingine, nayo ndiyo tuipendayo kuliko zote kwa kazi yetu: asifuye mvua imemnyea. Mhakiki akitoa sifa, haki ya msomaji ni kumtazama nguo zake kama zimelowa.

Wengi wetu katika nchi hizi za jirani tulianza kuijua tamthilia kwa Kiswahili kupitia Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kutolewa tena baada ya kusahihishwa mwaka 1969. (Majina ya wahusika tutayaandika hapa kama yalivyo katika asili.) Darasani mchezo huu husomwa kama mchezo wa siasa, na swali la mtihani huwa lile lile: je, Brutus alikuwa na haki kumwua Caesar? Ni swali zuri, lakini limetumika mpaka limechakaa. Sisi twaona kwamba mchezo huu waweza kusomwa pia kama uchunguzi wa sifa za uongo, na kwamba ukisomwa hivyo hutoa elimu ambayo hatujaikuta mahali pengine.

Chukueni usiku wa kuamkia siku ya mauaji. Waliofanya njama wana hofu kwamba Caesar, ambaye siku hizo ameanza kuamini ndoto na ishara, hatatoka nyumbani. Decius awaambia wamwachie yeye. Asema kwamba Caesar hupenda kusikia hadithi za jinsi wanyama wakubwa wanavyonaswa, simba kwa nyavu, tembo kwa mashimo, na watu kwa sifa za uongo. Kisha yeye Decius humwambia Caesar kwamba anawachukia wenye kujipendekeza. Naye Caesar hukubali kwamba ndivyo, na katika kukubali huko ndipo anapokuwa amesifiwa kupita wakati wowote. Tungeomba kila mwalimu asimame hapa kwa kipindi kizima. Kumsifu mtu kwamba ni hodari kila mtu aweza. Kumsifu mtu kwamba hasifiki, hiyo ndiyo sifa isiyo na kinga, maana mwenye kuipokea hudhani amefunga mlango, kumbe mgeni amekwisha kuketi ndani.

Asubuhi yake Calpurnia aeleza ndoto: sanamu ya mumewe yatoka damu kama chemchemi, na Warumi wengi waja wakitabasamu kunawa mikono katika damu hiyo. Caesar amekwisha kukata shauri kwamba hatoki. Decius afika. Mjinga angesema ndoto ni upuuzi. Decius hasemi hivyo. Aikubali ndoto yote, damu, mikono na tabasamu, wala hapunguzi kitu. Abadilisha maana tu. Damu ile, asema, ni uhai ambao Roma yote itaupata kutoka kwa Caesar. Halafu aongeza mambo mawili kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka njiani: kwamba baraza limeazimia kumpa taji leo, na kwamba asipokwenda watu watamcheka kuwa amengoja ndoto za mkewe ziwe nzuri. Caesar aagiza joho lake.

Jambo la kutisha ni lile linalofuata barazani. Metellus Cimber apiga magoti kumwombea ndugu yake aliyefukuzwa nchini, naye Caesar amkatiza kwa dharau. Amwonya asidhani kwamba damu yake yaweza kuyeyushwa kwa maneno matamu na kwa kuinama kama mbwa, kisha ajifananisha na nyota ya kaskazini isiyohama mahali pake. Maneno hayo ni ya kweli kwa kadiri ya Metellus. Lakini mtu huyu asiyeyeyuka yuko mahali pale kwa sababu saa chache zilizopita ameyeyushwa sebuleni kwake. Amezikataa sifa zilizopiga magoti, akazipokea zilizosimama wima. Dakika chache baadaye visu vinatoka. Historia yatuambia siku hiyo ilikuwa tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo.

Wala si Caesar peke yake. Cassius amnasa Brutus kwa njia iliyo safi zaidi. Ajitolea kuwa kioo chake, ili Brutus aone ndani yake ubora ambao hajauona mwenyewe, kisha aagiza barua zitupwe dirishani kwa Brutus, zimeandikwa kwa mikono mbalimbali kana kwamba zimetoka kwa raia wengi. Brutus hapendi mali wala makuu, hivyo hakuna faida ya kumsifu kwa mali au makuu. Asifiwa kwa uadilifu wake, na kwa uadilifu wake anaua. Baadaye, vita vikiwa vimekaribia, wawili hao wagombana hemani. Cassius alalamika kwamba jicho la rafiki lisingeziona kasoro zake. Brutus amjibu kwamba lisiloziona ni jicho la mwenye kujipendekeza. Ni jibu sahihi kabisa, ila limechelewa kwa matendo matatu, tena limetolewa na mtu ambaye mwenyewe alikwisha kuvikwa kilemba. Ama kuhusu Antony, ambaye juu ya maiti amwita Brutus mwungwana mara nyingi mpaka neno lenyewe lageuka kuwa tusi, hatutasema mengi. Wanafunzi huipenda sehemu hiyo bila msaada wetu.

Yafaa kukumbuka mahali Shakespeare alipoipata hadithi hii. Aliipata kwa Plutarch, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya pili, ambaye maisha ya watu mashuhuri aliyoyaandika yalitolewa kwa Kiingereza na Thomas North mwaka 1579. Basi Plutarch huyo huyo aliandika pia insha juu ya jinsi ya kumtambua rafiki na mwenye kujipendekeza. Humo amfananisha mwenye kujipendekeza na kinyonga, awezaye kuiga kila rangi isipokuwa nyeupe. Mfano huo ni mzuri, lakini lililotushtua ni jingine. Plutarch asema kwamba mwenye kujipendekeza aliye hodari hasifu tu, hukosoa pia. Anajua kwamba rafiki husema ukweli, hivyo huuvaa huo ukweli. Ila hukosoa mambo madogo. Atamkemea mtu kwa vazi lake au kwa namna anavyokata nywele, kwa sauti ya ukali wa kindugu, na huku maisha yake yanaharibika yeye hasemi neno.

Tulipoisoma sehemu hiyo tulikumbuka uhakiki wetu, na hatukufurahi.

Chukua jarida lolote la Kiswahili, likiwemo hili letu, ufungue kurasa za mapitio ya vitabu. Utasoma kwamba mwandishi ametumia lugha nyepesi na tamu. Kwamba amezipamba kurasa zake kwa methali na tamathali za usemi. Kwamba dhamira zimejitokeza waziwazi. Kwamba wahusika wanasawiri maisha halisi ya jamii. Kisha, katika aya ya mwisho au ya pili kutoka mwisho, mhakiki hukohoa kidogo. Yako, asema, makosa machache ya chapa, na katika ukurasa fulani jina la mhusika limeandikwa kwa namna mbili. Lakini kasoro hizo ndogondogo hazipunguzi thamani ya kitabu, ambacho kila mpenzi wa lugha hana budi kuwa nacho. Sisi wenyewe tumeiandika aya hiyo, kama tukumbukavyo, mara tano. Tulidhani ndiyo sehemu ya uaminifu katika mapitio yetu. Sasa twaona kwamba ndiyo ilikuwa sehemu ya uongo hasa. Sifa zile za mwanzo hakuna aliyeziamini, kwa kuwa zimesemwa juu ya kila kitabu. Ni yale makosa ya chapa yaliyomfanya msomaji aamini kwamba tumekisoma kitabu kwa jicho kali, na kwamba jicho hilo kali halikuona baya lingine.

Wanafunzi nao wametuiga. Wakiulizwa wajadili kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, wanaandika kurasa tatu za kufaulu, na katika kutofaulu wanaandika kwamba ametumia msamiati mgumu. Hata tamthilia isiyo na neno gumu huandikiwa hivyo, maana mwanafunzi ameshika kwamba lazima kiwepo kipengele cha kutofaulu, tena kiwe kidogo, kisiumize. Twaweza kuwalaumu, lakini walijifunza wapi?

Pengine atatokea mtu aseme kwamba sifa ni sehemu ya utamaduni wetu, na kwamba uhakiki wa kutafuta makosa ni wa kigeni. Hatukubali. Kusifu ni jambo kubwa na la kale katika fasihi zetu, lakini sifa za kale zilikuwa na gharama. Huku kwetu Uganda, Wahima wa Ankole wana majigambo waitayo ebyevugo, ambamo mtunzi hujisifu kwa mapigano na kwa ng'ombe. Ajisifuye hivyo husimama mbele ya watu wanaomjua, walioona alivyopigana au alivyokimbia. Sifa inayoweza kukanushwa na msikilizaji aliyeketi mstari wa mbele si kilemba cha ukoka. Yetu ya kwenye mapitio haiwezi kukanushwa, kwa kuwa aghalabu msomaji bado hajakiona kitabu.

Zipo sifa za uongo zinazosameheka. Idi Amin, aliyetwaa nchi yetu Januari 1971, alikuwa Fildi Mashali mwaka 1975, na mwaka 1976 akatangazwa rais wa maisha. Orodha ya vyeo na sifa zake ilirefuka hata ikawa kichekesho duniani, ingawa ndani ya nchi haikuwa kichekesho hata kidogo. Utawala huo wa maisha uliangushwa Aprili 1979. Sisi tulizaliwa baada ya hapo, na hatuna haki ya kuwahukumu waliopiga makofi siku zile, maana asiyepiga aliweza kupotea asionekane tena. Sifa itolewayo chini ya bunduki si ya kujipendekeza. Ni ya kuokoa roho. Lakini walimu wa Kiswahili tunaposifiana katika majarida yetu, twamwogopa nani? Hakuna atakayetupoteza. Twaogopa uso wa mwenzetu kikaoni, na twaogopa siku ambayo kitabu chetu sisi kitaletwa kwake akihakiki. Ni biashara ya mkopo, kilemba kwa kilemba.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi kama yetu, ambamo Kiswahili bado kinatafuta kiti. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Twahitaji walimu wengi, vitabu vingi na kwa haraka, na haraka ni rafiki mkubwa wa sifa za uongo. Kitabu kibovu kikisifiwa kwa sababu tu ni cha kwetu, kitaingia darasani, na mtoto atakisoma kwa miaka. Hata lugha yenyewe yavikwa kilemba. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai, mwaka 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tumeketi katika sherehe ambazo mzungumzaji hukiita Kiswahili lugha tamu kuliko zote za Afrika, kisha hushusha pumzi na kuendelea na hotuba yake kwa Kiingereza.

Lakini anayedhurika zaidi ni mwanafunzi. Ndugu zetu wa pwani ni wakarimu, na ukarimu wao huanzia ulimini. Mwanafunzi wa Kampala au wa Mbarara afikapo Mombasa au Tanga na kusema "kitabu yangu imepotea", huambiwa kwamba Kiswahili chake ni kizuri sana, kwamba amewashinda hata wenyeji. Mwenyeji hana nia mbaya. Anamkaribisha mgeni, na sentensi ile ni sawasawa na kumpa kiti. Mgeni huichukua kama cheti. Tumepata wanafunzi waliorudi kutoka safari hizo wakiwa hawafundishiki tena katika somo la ngeli. Hatusemi kwamba Kiswahili cha bara hakina adabu yake. Kina adabu, na hekima, na vichekesho vyake. Twasema kwamba aliyekuja kwetu kujifunza Kiswahili sanifu ana haki ya kuambiwa kama amefika au hajafika.

Tulipokuwa chuoni tukisomea stashahada ya ualimu, tulifundishwa kumtia moyo mwanafunzi. Fundisho hilo lilikuwa sahihi; sisi ndio tuliolisikia nusu. Kumtia mtu moyo ni kumwambia kwamba kazi iliyobaki aiweza. Kumsifu uongo ni kumwambia kwamba haikubaki kazi. Mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo, lakini mwalimu mwenye madaftari sitini mezani, saa nne ya usiku, huona kwamba yote mawili yaandikika kwa maneno mamoja, "vizuri sana", na kwa wino mmoja.

Zamani watunzi wa Kiswahili waliwahi kuambiana ukweli, tena kwa ukali. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo wengi walisema kwamba tungo zisizo na vina wala mizani si mashairi kamwe. Mgogoro huo uliendelea miaka mingi. Jumanne Mayoka aliutolea kitabu mwaka 1984, na jina la kitabu lilibeba neno lenyewe, mgogoro. Kwa maoni yetu wanamapokeo walikosea. Lakini walikuwa wamesoma. Mvua ilikuwa imewanyea, wakasema ni mbaya, na watunzi wa mashairi huru wakalazimika kueleza kazi yao ni nini na imesimama juu ya nini. Vitabu na makala vilivyotokana na ubishi ule bado twavitumia darasani. Hatujui mapitio hata mamoja ya sifa tupu, ya miaka ile au ya miaka hii, ambayo mtu yeyote huyatumia darasani.

Sasa tueleze lile tuliloahidi.

Mwalimu mwenzetu, aliyetutangulia kwa umri na kwa kazi, alituletea diwani yake kabla ya kwenda kwa mchapaji. Ilikuwa katika daftari kubwa, kwa mwandiko mzuri wa walimu wa zamani, mashairi sitini na manne, karibu yote tarbia. Tuliisoma kwa siku mbili. Mizani ilikuwa sahihi, vina vilikuwa sahihi, na kufikia ukurasa wa kumi tulikwisha kujua kwamba hapakuwa na shairi. Shairi la mama, shairi la elimu na shairi la uhuru yaliweza kubadilishana beti bila msomaji kutambua. Hapakuwa na mama fulani wala shule fulani. Tulijua, na tulijua tumejua. Tukachukua kalamu nyekundu tukamwonyesha makosa ya tahajia ishirini na matatu, moja baada ya jingine, kwa uangalifu ambao hata sisi wenyewe ulitupendeza. Kisha tukamwandikia utangulizi. Humo tulisema kwamba ni hazina.

Alichapisha nakala mia tatu kwa fedha yake mwenyewe. Alikuwa karibu kustaafu, na fedha hiyo ilikuwa na kazi nyingine nyumbani kwake. Tulikuja kulijua hilo baadaye. Katika semina moja ya walimu, mgeni aliyealikwa kuzungumza juu ya ushairi aliikuta diwani hiyo mezani. Akachukua beti tatu kutoka mashairi matatu, akazisoma mfululizo kwa sauti nzuri, akauliza shairi hilo lahusu nini. Watu wakajibu, mmoja amani, mwingine malezi. Hapana aliyesema kwamba halikuwa shairi moja. Mgeni hakujua kwamba mtunzi alikuwa ndani ya chumba, na alipoambiwa alifadhaika sana.

Jioni ile mwenzetu alikuja kwetu. Aliketi, akanywa chai yote, akauliza hali ya watoto. Halafu akasema, "Mwalimu, makosa ya herufi ulinionyesha ishirini na matatu. Hili je, uliliona?"

Tulinyamaza.

"Uliliona," akasema, wala hakuuliza tena. Akachukua kofia yake.

Nakala zile bado ziko sebuleni kwake katika maboksi, zimefunikwa kitambaa kilichofumwa, na juu yake imewekwa redio. Kwa miaka miwili tumekuwa tukisalimiana naye vizuri na kuzungumza mvua na mishahara. Mwezi uliopita alimtuma mjukuu wake atuletee daftari jingine, jembamba kuliko lile la kwanza. Hakuomba utangulizi. Ndani alikuwa ametia kipande cha karatasi chenye sentensi moja: "Herufi nimezisahihisha mwenyewe."

Tumelisoma mara tatu. Lina mashairi arobaini. Thelathini na sita yangali kama yale ya zamani, twaweza kuyachanganya kama karata. Manne si kama yale. Liko moja juu ya marehemu mkewe akifagia ua kabla ya alfajiri, jinsi alivyokuwa akiacha kusafisha pembe moja kwa sababu kuku alikuwa ameatamia hapo. Shairi hilo lina ubeti mmoja uliokosa mizani, na twadhani asiuguse. Tumemwandikia haya yote katika barua ya kurasa saba, shairi kwa shairi, na yale thelathini na sita tumeyataja kwa majina yake. Barua hatutaitia posta. Jumamosi tutampelekea wenyewe, na tutaketi hapo akiisoma.